Mlango Wangu, Upande wa Ndani

Dalali alifungua mlango wa chuma wenye rangi ya kijani iliyopauka, akanikaribisha. Kabla sijavua viatu, akaugonga ule mlango kwa kifundo cha kidole. "Huu mlango," akasema, "upande wa ndani utakuwa wako. Ukitaka kuupaka rangi ya waridi, hiari yako. Kitasa nacho ni chako. Upande wa nje si wako."

Nilidhani ananitania. Nikamwuliza, basi upande wa nje ni wa nani?

"Wa wote," akajibu, wala hakutabasamu.

Tulikuwa Kobe, mji wa bandari magharibi mwa Japani, uliobanwa kati ya milima ya Rokko na bahari kiasi kwamba wenyeji wakikuelekeza njia hawakwambii kulia wala kushoto. Wanakwambia upande wa mlimani au upande wa baharini. Nyumba aliyokuwa akinionyesha ilikuwa ghorofa ya 4 katika jengo la ghorofa 7 lenye nyumba 42, lililokamilika mwaka 1979. Mita za mraba 54, vyumba viwili, jiko, na roshani ambayo ukijinyoosha kidogo unaiona bahari. Bei yake yen milioni 8 na laki 5. Wajapani huziita nyumba za namna hii "manshon", neno walilolitoa kwenye Kiingereza, ambako maana yake ni jumba la kifahari. Jumba langu la kifahari lilikuwa na vigae vya bafuni vilivyoanza kubanduka na bomba lililokuwa likikohoa kila ukilifungua.

Mimi si mgeni wa vitu vikuukuu. Kazi yangu hapa Japani ni magari ya mtumba. Nayanunua mnadani, nayapakia melini, yanakwenda Dar es Salaam. Najua kusoma karatasi ya ukaguzi, najua mkwaruzo upi unapunguza bei na kutu ipi inaua gari. Kwa hiyo nilipoiona bei ile nilijiambia: tulia, hili ni gari la zamani tu, tafuta kutu iko wapi.

Kutu niliipata. Ila ilinifikisha kwenye swali ambalo katika magari sijawahi kulikuta, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Tuanze na unachonunua. Mlango umeshausikia. Madirisha je? Fremu na vioo si vyako. Roshani si yako, ila una ruhusa ya kuitumia peke yako. Ukuta wa zege, nguzo, paa, lifti, ngazi, bomba kubwa linalopita wima toka juu hadi chini, vyote ni vya wote. Hayo yamo katika kanuni za mfano zilizotolewa na wizara husika, na majengo mengi huzifuata. Ukitoa vya wote vyote, unabaki na hewa iliyozungushiwa plasta. Hiyo ndiyo yako.

Sheria iliyoweka utaratibu huu ni ya mwaka 1962. Inasema kila mwenye nyumba ndani ya jengo ana sehemu yake, ana fungu lake katika vile vya wote, na ni mwanachama wa chama cha wamiliki atake asitake. Huwezi kujiuzulu. Huwezi kusema, jamani mimi na lifti hatuhusiani, nakaa chini. Njia ya kutoka ni moja tu, kuuza, na hapo unamwingiza mwingine mahali pako.

Na kila mwezi kuna kulipa mara mbili. Kuna ada ya usimamizi, ya taa za ngazi, usafi na lifti. Halafu kuna akiba ya matengenezo, mfuko unaojazwa polepole kwa ajili ya siku jengo litakapozungushiwa jukwaa la mabomba, nyufa zizibwe, paa liwekewe upya kizuizi cha maji, vyuma vipakwe rangi. Kazi hiyo hufanywa kila baada ya miaka 12 hadi 15 hivi. Bila mfuko, hakuna kazi.

Wajapani wana msemo unaorudiwa na kila anayetafuta nyumba ya namna hii: nunua usimamizi, usinunue nyumba. Nikamwomba dalali kumbukumbu za mikutano mikuu ya miaka mitatu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu ambacho wateja wake hawaombi, lakini akaleta. Nikazisoma usiku mzima, kamusi pembeni.

Ndipo nikakutana na yule mama.

Ada ya usimamizi ilikuwa yen 11,000 kwa mwezi, hiyo haina neno. Akiba ya matengenezo ilikuwa yen 6,200. Wizara ilitoa mwongozo mwaka 2021: kwa majengo madogo ya kiasi kile, wastani wa akiba ni yen 335 kwa kila mita ya mraba kwa mwezi. Kwa mita 54 inakuja yen 18,090. Yaani jengo lile lilikuwa likiweka theluthi moja tu ya kinachotakiwa. Kamati ilipeleka hoja mkutanoni: tupandishe hadi 15,000. Kura za ndiyo 16, za hapana 21. Hoja ikaanguka. Na kwenye kumbukumbu, kwa lugha kavu ya makatibu, imeandikwa kwamba mmiliki mmoja wa ghorofa ya 4 alisema: nina miaka 81, matengenezo hayo yatakapofika nitakuwa nimeshakufa, kwa nini niyalipie?

Ghorofa ya 4. Nikatazama ramani. Mlango wa pili kutoka ule wa kijani. Jirani yangu mtarajiwa.

Nitasema kweli, jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka. Nikasema, ubinafsi huo. Tangu tukiwa wadogo tumeambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nilipolala na methali ile, nikaona kuna jambo hailigusi. Inamsema mtu mwenye ukuta wake. Haisemi nani atoe saruji pale ufa unapokuwa wa watu 42, mmoja ana miaka 30 na mtoto mchanga, mwingine ana miaka 81 na fimbo. Wala haisemi kitu juu ya mtu ambaye ukuta ukianguka yeye hatakuwepo.

Niliporudi kuiangalia nyumba mara ya pili, nilimkuta kwenye korido anamwagilia vyungu vyake. Nilitamani kumwamkia shikamoo, lakini Kijapani hakina neno hilo, nikainama tu kadiri ya umri wake. Akaniuliza kama mimi ndiye ninayetaka kuichukua ile ya jirani. Nikasema nafikiria. Akasema, chukua, upepo wake wa jioni ni mzuri. Kisha bila kuulizwa akaniambia kwamba aliingia pale jengo likiwa bado linanuka rangi, yeye na marehemu mumewe, na kwamba asubuhi ya Januari 17, 1995, alisimama palepale tuliposimama, pekupeku, gizani, akisikiliza mji mzima ukilia.

Asubuhi ile, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 6,400, wengi wao hapa Kobe na miji ya jirani. Jengo lake lilisimama. Alinionyesha ufa wa ngaziani uliozibwa baadaye, kovu lenye rangi tofauti kidogo na ukuta.

Sasa mweke mama huyo kwenye mizani. Pensheni ya msingi ya taifa, kwa mtu aliyechangia miaka yote 40, ilikuwa takriban yen 69,000 kwa mwezi mwaka 2025. Hoja ya kamati ilimtaka aongeze yen 8,800 kila mwezi. Kwangu hiyo ni bei ya matairi mawili yaliyotumika. Kwake ni dawa, au ni gesi ya kupasha maji ya kuoga majira ya baridi. Na anaambiwa azitoe kwa ajili ya rangi atakayoiona mwingine.

Kwa hiyo nani mkosaji? Nilianza kuhesabu nyuma. Wa kwanza ni aliyejenga na kuuza. Ni jambo linalojulikana sana katika biashara hii kwamba wauzaji wa majengo mapya huanza na akiba ndogo ili malipo ya mwezi yaonekane mepesi, na kuacha nyongeza zije baadaye, zijadiliwe na watu wengine. Wa pili ni wale wote walioishi pale miaka ya 80 na ya 90, wakiwa na mishahara na nguvu, wakalipa kidogo, kisha wakauza na kwenda zao. Lifti waliipanda, paa liliwakinga. Walikula wakaondoka, na sahani zikaachwa kwa waliobaki mezani. Yule mama kosa lake kubwa ni kwamba hakuondoka.

Wa tatu ni muuzaji wangu, mtoto wa marehemu mwenye nyumba, anayekaa Tokyo na hajakanyaga pale muda mrefu. Alikuwa na malimbikizo ya miezi 14, yen 240,800. Na hapa sheria ya 1962 ina kifungu kilichonifumbua macho: deni la namna hiyo humfuata mnunuzi. Mimi nisiyekuwepo, nisiyejua, nikitia saini tu, chama kinaweza kunidai mimi. Dalali alilimaliza kwa kulikata kwenye bei, lakini wazo lilibaki kichwani. Sheria inajua kwamba deni linakaa nyumbani. Watu ndio wanaopita.

Na wa nne? Wa nne nilikuwa mimi.

Barabara iliyo chini kidogo, upande wa baharini, kulikuwa na jengo la umri uleule, nyumba ya ukubwa uleule, ila mfuko wake umejaa na matengenezo yamefanywa kwa wakati. Bei yake yen milioni 11 na laki 5. Ile ya kwangu milioni 8 na laki 5. Tofauti milioni 3. Nikachukua kikokotoo. Pengo kati ya akiba inayotakiwa na inayolipwa ni yen 11,890 kwa mwezi. Kwa miaka 20 ni yen 2,853,600. Karibu milioni 3. Sisemi soko lilikaa chini likapiga hesabu kama yangu. Ila soko lina pua, na lilikuwa limenusa.

Katika magari, punguzo ni langu. Nikinunua gari lenye gia mbovu kwa bei ya chini, nikaamua kuliendesha hivyohivyo hadi life, nimejiumiza mwenyewe. Lakini punguzo la nyumba ile lilikuwa tofauti. Nimepunguziwa kwa sababu paa litahitaji kazi, na paa si langu. Nimepunguziwa kwa sababu mabomba yamechoka, na mabomba ni ya wote. Yaani zile yen milioni 3 ambazo sikuzitoa si faida. Ni fedha ya jengo iliyopitia mfukoni mwangu. Kwa Kiswahili tuna neno lake, tena zito: amana.

Nikielewa hivyo, picha yote inageuka. Mtu anayenunua nyumba kuukuu kwa bei nafuu, kisha akaenda mkutanoni kupiga kura ya hapana ili mchango wake ubaki mdogo, amechukua mara mbili. Amelipwa kwa ajili ya ufa, na ufa hauzibi. Yule mama hakulipwa chochote. Alinunua kwa bei ya jengo jipya. Tukimsema kwa ubinafsi, basi tutafute neno kali zaidi kwa mnunuzi wa namna hiyo.

Najua utaniambia: lakini wewe umelipa bei ya soko, muuzaji karidhika, mkataba umesainiwa, dhambi iko wapi? Ni kweli, hakuna aliyeibiwa. Ila bei ni makubaliano ya watu wawili, mimi na yule bwana wa Tokyo, na wenye kuumia kwa ufa hawakuwepo mezani. Sisi wawili tuligawana uzito wa deni la watu 42 kana kwamba ni letu. Yeye alikubali kupokea kidogo ili alitue. Mimi nimepokea kidogo nilichoachiwa ili nilibebe. Nikilitua na mimi, nitakuwa nimeuchukua ujira wa mpagazi nikauacha mzigo njiani.

Utaniambia tena: wewe mmoja kati ya 42, kura yako itafanya nini? Hapo sina jibu la kishujaa. Lakini tazama kinachotokea pale kila mtu anapojibu hivyo.

Mwaka 1972 Japani ilijengewa majengo mengi, na mawili kati yake nayafikiria sana. La kwanza ni maarufu: mnara wa vijumba katika mtaa wa Ginza, Tokyo, uitwao Nakagin, kazi ya msanifu Kisho Kurokawa. Vijumba 140, kila kimoja kama mita 10 za mraba, vimepachikwa kwenye nguzo mbili kama masanduku. Kurokawa alikusudia vibadilishwe kila baada ya miaka 25. Havikubadilishwa hata mara moja. Wenye vijumba walibishana miaka na miaka, wengine wavunje, wengine wahifadhi, na huku maji yakivuja. Mwaka 2022 mnara ukabomolewa, na baadhi ya vijumba vikaokolewa.

La pili halina jina kubwa. Ni jengo dogo la ghorofa 3 lenye nyumba 9 katika mji wa Yasu, mkoa wa Shiga. Wenyewe waliondoka mmoja mmoja. Ukuta ukaanguka, chuma kikabaki wazi, asbesto ikawa inaning'inia nje. Ili walibomoe kwa hiari walihitajika wote 9 wakubaliane, na hawakuweza hata kukusanyika wote. Mwaka 2020 serikali ya mji ikalibomoa yenyewe, gharama ikazidi yen milioni 100, na hati za madai zikatumwa kwa wamiliki. Nyumba 9. Fikiria fungu la mmoja.

Haya si mambo ya pembeni. Mwishoni mwa 2023 Japani ilikuwa na nyumba za namna hii zaidi ya milioni 7, na zaidi ya milioni 1 na laki 3 kati ya hizo zilikuwa zimevuka miaka 40. Majengo yaliyofaulu kuvunjwa na kujengwa upya kwa makubaliano, ukiacha yaliyoharibiwa na matetemeko, yalikuwa yapata 300 tu nchi nzima. Wajapani huliita tatizo hili uzee wa aina mbili: jengo linazeeka, na waliomo wanazeeka, kwa pamoja.

Na lile la kwangu lina uzee wa tatu. Kanuni za ujenzi wa kuhimili matetemeko zilibadilishwa Juni 1, 1981, na kinachoangaliwa ni siku ramani ilipoidhinishwa. Jengo la 1979 liko upande wa zamani wa mstari. Lilisimama 1995, ndiyo, lakini kusimama mara moja si cheti. Nikauliza kama limewahi kupimwa. Halijawahi. Nikauliza kwa nini. Dalali akashusha sauti: likishapimwa, majibu lazima aelezwe kila mnunuzi. Yaani wapo wanaopendelea kutojua, kwa kuwa ujinga hauna pa kuandikwa kwenye fomu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufa mkubwa wa jengo hauko ukutani.

Sasa, wenye haraka watasema: si wapige kura, walio wengi washinde, wavunje wajenge jipya? Sheria inataka theluthi... hapana, tusiifanye rahisi kuliko ilivyo. Inataka wanne kati ya kila watano wakubali. Mabadiliko yaliyopitishwa 2025, na kuanza kazi Aprili 2026, yameshusha kiwango hadi watatu kati ya wanne kwa majengo yenye kasoro kama upungufu wa uimara dhidi ya matetemeko. Kwa jengo letu, watu 32 badala ya 34. Wasiokubali wanaweza kulazimishwa kuuza fungu lao. Baada ya tetemeko la Kobe, ugomvi wa namna hii, tukarabati au tuvunje, uligawanya majirani waliokuwa wamefukuana kwenye vifusi kwa mikono yao; kesi moja ilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Simlaumu aliyeandika sheria. Jengo likisubiri ridhaa ya wote, linaishia Yasu. Lakini nikimfikiria mama wa miaka 81 akiambiwa ahame kwa sababu mkono wa 32 umenyooshwa, na mkono huo ni wangu, mimi niliyeingia juzi kwa punguzo, nashindwa kuliita jambo hilo haki bila kumeza mate.

Kuna mtu aliyetafuta njia ya tatu zamani sana. Kamo no Chōmei, mtu wa Kyoto, alishuhudia moto mkubwa wa 1177, kimbunga, njaa, na tetemeko la 1185. Aliona nyumba za watu zikiyeyuka. Mwishowe akaenda mlimani akajijengea kibanda cha kama mita 3 kila upande, kinachofunguka vipande, ili siku akichoshwa na mahali akipakie kwenye mikokoteni miwili ahame. Mwaka 1212 akaandika kitabu kifupi juu ya maisha hayo, Hōjōki, na Wajapani hawajaacha kukisoma. Nimekisoma mara kadhaa, na kila mara nakipenda, na kila mara nabaki na swali. Kibanda cha Chōmei hakina ngazi za wote. Akiacha kukitengeneza, hakimwangukii mtu. Ameutatua ubaya wa nyumba kwa kuondoa majirani. Na yeye mwenyewe, kwenye kurasa za mwisho, anajishitaki kwamba hata mapenzi yake kwa kibanda kile ni kung'ang'ania dunia. Mtu mkweli. Lakini wengi wetu hatuna mlima wa kukimbilia. Tuna ghorofa ya 4.

Nilimpigia mama yangu Tanga kumweleza. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwambia habari ya mlango. Akanyamaza kidogo. "Yaani ndani wako, nje wa watu?" Ndiyo mama. "Na ukuta?" Wa watu. "Na bati?" Wa watu. Akacheka, kisha akasema, "Mwanangu, hapo hununui nyumba. Unanunua ukoo."

Nikaikumbuka nyumba ya urithi aliyotuachia babu. Wenye haki wako tisa. Paa linavuja upande wa uani tangu niko darasa la sita, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Wenye uwezo wanasema, mbona sikai humo. Wanaokaa humo wanasema, sina uwezo. Shangazi, aliyebaki pale, anasogeza kitanda kila masika. Hakuna mbaya kati yao, ukimchukua mmoja mmoja. Wewe msomaji, huenda na yenu iko hivyo. Na kama umenunua au unatamani kununua fleti Dar es Salaam au Nairobi, ujue sheria zipo tayari, ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 2020, na majengo yale yanayong'aa leo yatafikisha miaka 46 kama hili. Mlango wako nao una upande wa nje.

Basi, niliinunua.

Sikuinunua kwa sababu nimepata jibu. Niliinunua nikiwa nimejiwekea sharti: ile milioni 3 si yangu. Nitapiga kura ya kupandisha akiba, na zamu ya ukamati ikinifikia nitaishika, maana hapa huzunguka mlango kwa mlango. Na kuna jambo nimelichimba ambalo nitalipeleka kwenye kamati. Shirika la serikali la fedha za nyumba lina mkopo wa matengenezo ya vile vya wote kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Mzee hulipa riba tu kila mwezi, na deni lenyewe hulipwa baada ya kufa kwake. Sijui kama utamfaa jirani yangu. Lakini angalau ni njia inayokubali kwamba ana wajibu bila kujifanya kwamba ana pesa. Aliyekula miaka 40 na asiyeweza kulipa leo si lazima asamehewe yote, wala si lazima akamuliwe.

Siku ya kuhamia nilipita kwa majirani na zawadi ndogo, kama desturi ya hapa inavyotaka. Kwake nilipeleka majani ya chai. Tukasimama mlangoni, yeye upande wa ndani, mimi upande wa wote. Nikamwambia ukweli, kwamba mkutano ni mwezi wa 5, hoja itarudi, na mimi nitasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Akasema yeye atasema hapana. Kisha akaingia ndani, akarudi na mfuko wa machungwa madogo, akanipa kwa mikono miwili.

Jioni nilitoka roshani kuupokea ule upepo alionisifia. Kati ya roshani yangu na yake kuna ubao mwembamba tu, na juu yake pameandikwa maneno yaliyopo katika maelfu ya roshani za nchi hii: wakati wa dharura, vunja hapa ukimbilie kwa jirani. Kanuni zinakataza kuweka kitu mbele yake. Chini ya ubao, kwenye ule uwazi wa vidole vinne, niliona vyungu vyake vya maua vimepangwa upande wa pili, safu nzima.

Nikala chungwa moja. Nimekusudia kumwambia juu ya vile vyungu, na kumsaidia kuvihamisha. Ila kwanza mkutano upite.